Kofia ya Wifi na Bukini wa Bustani ya Mtoni

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, msimu wa kiangazi. Basi sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mnaotafuna mmeze kwanza, kwani habari hii haipokelewi kwa mdomo uliojaa: ni habari ya Shangazi, mshona mapazia, Simba-jike wa Sindano, na jinsi alivyoikomboa kofia ya wifi yake kutoka chini ya makalio ya adui.

Kofia hiyo ilikuwa ya ukindu, yenye utepe mwekundu, na Wifi hakuwahi kumwazima mtu. Lakini siku hiyo, walipokwenda kulitembelea jumba la kale lililo kando ya mto, jua likawa kali, naye akamvisha Shangazi kwa mikono yake mwenyewe.

"Wifi," akatamka, "tumenuniana tangu lilipofumuka mbele ya wageni lile gauni langu la harusi ulilolishona. Leo yamekwisha. Lakini kofia hii isiporudi kichwani mwangu, tunaanza upya."

Akaingia jumbani kutazama vyungu vya kale. Shangazi akabaki bustanini, akitembea kwa madaha kati ya vitalu. Ndipo upepo, haramia asiye na upanga, ulipopanda kutoka mtoni, ukaipokonya kofia, ukaivusha ua na kuitua miguuni pa bata bukini, jitu jeupe lenye shingo kama mpini wa jembe. Bukini akaizunguka, akaitafakari, kisha akaikalia kwa utulivu wa hakimu kitini.

Penye lango la ua alisimama bawabu aliyevaa deraya ya bati na kushika mkuki; maana katika jumba hilo wafanyakazi huvaa kizamani na kuishi kizamani, nao wamekula kiapo cha kutojua lolote la zama zetu mpaka jioni.

"Kijana, nifungulie. Kofia yangu imeingia humo."

"Hapiti mtu bila idhini ya Bwana Mkubwa, ewe mgeni."

"Basi nampigia simu meneja wako."

"Simu?" Bawabu akakunja uso. "Ni mnyama wa aina gani huyo?"

"Usinitanie, mwanangu. Wifi yangu akitoka jumbani, mimi nimekwisha."

"Pole, mama. Na huyo meneja simfahamu. Hajazaliwa."

Hapo Simba-jike akang'amua kwamba lango hilo halifunguki kwa lugha ya leo. Akalitupa shali begani, akapaza sauti hata maua yakainama:

"Ewe Bawabu wa Bati, mlinzi wa lango na wa mchicha! Mimi ni mjumbe wa Malkia wa Ng'ambo ya Mto, ambaye hivi sasa anavikagua vyungu vyenu. Bukini wenu amelikalia taji lake! Je, mwataka majeshi yavuke maji kwa ajili ya mkia wa ndege?"

Macho ya bawabu yakang'aa. Tangu asubuhi wageni walimtaka picha tu. Hakuna aliyemjibu ipasavyo. Akapiga goti, na deraya ikalia kama sufuria zinazoporomoka kabatini.

"Pita, mjumbe mtukufu! Ila huyu hashikwi, hubembelezwa." Akachomoa mkate kutoka ndani ya deraya. "Utwae. Lakini ndicho chakula changu cha mchana. Utanilipa."

"Naapa kwa sindano yangu!"

Pambano likaanza. Shangazi akarusha kipande kushoto. Bukini akanyoosha shingo, akala, asinyanyuke. Akarusha kulia, akala, asinyanyuke. Mara sauti ya Wifi ikasikika mlangoni, ikisifia vyungu! Ndipo shujaa alipoubwaga mkate wote uliosalia, mbali, karibu na kisima. Bukini akainuka kwa kelele za tarumbeta, naye Shangazi akajitupa kifudifudi kati ya minanaa, akaitwaa kofia!

Wifi akaipokea kofia yake, akaigeuza.

"Mbona ina joto?"

"Jua, wifi yangu."

"Na unyoya huu kwenye utepe?"

"Heshima ya jumba."

Wifi akaivaa, akajitazama katika kioo cha dirisha. "Imependeza. Laiti gauni langu ungelifanyia hivi!" Wakacheka, wakashikana mikono, na amani ikatanda baina ya nyumba mbili, amani ambayo watunzi wa historia hawana budi kuiandika kwa wino mzito.

Wiki iliyofuata Shangazi alirudi, akapita kati ya wageni, akamkabidhi bawabu mkate mzima, wa moto.

"Deni la Malkia limelipwa."

Bawabu akaupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Akatazama kushoto na kulia, kisha akanong'ona kwa lugha ya zama zetu:

"Mama, siagi hukuleta?"

Shangazi akafungua mkoba, akaitoa.