Ndizi za Kalenda na Binamu Yangu wa Manga

Jumatatu, 2 Agosti 1971. Magwagwa.

Chama cha ushirika kinatafuta picha ya kalenda ya mwaka ujao. Mazao yetu juu ya meza, basi. Ndizi, chai, wimbi. Itatundikwa kila nyumba, kutoka hapa hadi Kisii mjini. Katibu, Mzee Obadiah Nyangate, ametangaza sokoni kwamba yeyote mwenye kamera alete picha kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Watu wote wakamgeukia Makori, mwenye studio. Hakuna aliyenigeukia mimi.

Wamesahau kwamba nina kamera. Niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Imekaa kabatini tangu hapo, kwa sababu kitabu chake cha maelezo ni cha Kijerumani. Lakini ndizi hazikimbii. Hazipepesi macho. Mwalimu wa darasa la sita atashindwaje na ndizi?

Nyumbani nimemkuta mama mkwe, amekuja kumtembelea binti yake na mkungu mzima wa ndizi. Tumesalimiana kwa heshima, yeye akitazama mlango, mimi nikitazama dari. Ili kuuvunja ukimya nikasema kwamba kamati imenichagua mimi kupiga picha ya kalenda. Sijui maneno yalitoka wapi. Mama mkwe alifurahi sana. Mke wangu Bosibori alinitazama tu.

Jumanne, 3 Agosti.

Meza karibu na dirisha. Mkungu wa mama mkwe, kikapu cha majani ya chai, kibuyu, bakuli la wimbi. Kwenye lenzi kuna namba, kutoka mbili na kitu hadi ishirini na mbili. Nikafikiri kama mtu aliyesoma. Namba kubwa, mwanga mwingi. Nikaweka ishirini na mbili. Kwenye kasi pia nikachukua namba kubwa kuliko zote. Filamu nzima ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Tatizo moja. Anayesafisha picha hapa Magwagwa ni Makori peke yake. Siwezi kumpa mpinzani siri zangu. Kwa hiyo nimempelekea filamu na kumwambia ni ya binamu yangu Obwocha, wa kule Manga, mtu mwenye haya sana ambaye ndiyo kwanza anajifunza. Sina binamu Manga. Makori akaandika "Obwocha" kwenye bahasha bila kuuliza chochote. Mtu rahisi kudanganywa.

Alhamisi, 5 Agosti.

Picha zote nyeusi kama tako la sufuria. Makori aliuliza kwa upole kama binamu yangu alikuwa ndani ya kisima. Kisha akanieleza, ili nikamweleze Obwocha. Mwanga huingia kwenye kamera kwa tundu. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Na kasi ikiwa kubwa mno, mlango wa hilo tundu unafungwa kabla mwanga haujavaa viatu.

Nikasema nitamfikishia. Nimetembea hadi nyumbani nikicheka peke yangu. Mpinzani wangu ananifundisha bure na hajui!

Ijumaa, 6 Agosti.

Tundu wazi kabisa, kasi ya katikati. Nimepiga asubuhi na kumkimbizia Makori filamu mapema, maana yeye ni Msabato na hufunga studio kabla jua halijatua. Aliniuliza habari za Manga. Nikasema mvua ni nyingi.

Jumapili, 8 Agosti.

Mwanga upo! Lakini ndizi moja tu ya mbele ndiyo inayoonekana, tena ncha yake. Kibuyu kimekuwa ukungu. Wimbi huwezi kujua ni wimbi au mchanga.

Makori akasema nimwambie Obwocha hivi: tundu likiwa wazi sana, kamera hushughulika na kitu kimoja na kusahau vingine. Ukilibana, itaona vya karibu na vya mbali pamoja. Ila ukilibana, mwanga unapungua, kwa hiyo upe muda. Punguza kasi, acha mlango wazi sekunde nzima. Na kwa sekunde nzima hakuna mkono usiotetemeka. Aweke kamera juu ya kitu kigumu.

Nimerudi nikiyarudia njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Mama Nyamoita, jirani, aliponisalimu nikamjibu, "Bana tundu."

Jumanne, 10 Agosti.

Nimepindua kinu, juu yake nimeweka mfuko wa maharagwe, juu yake kamera. Imara kabisa. Nimebana tundu. Nimeinama, nimebonyeza, na wakati uleule mama mkwe akaingia mlangoni nyuma yangu.

Huwezi kumwinamia mama mkwe namna ile. Nikaruka. Goti likapiga kinu. Mama mkwe akauomba ukuta radhi na kutoka.

Kwenye picha, ndizi zina mapacha. Makori aliitazama, akauliza kama kwa Obwocha kuna wakwe. Nikasema yupo mmoja. Akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye naye ameyapitia. Akasema Obwocha asubiri nyumba itulie. Pia upande ulio mbali na dirisha unakufa gizani, basi atafute kitambaa cheupe akishikilie huko, kirudishe mwanga.

Jioni nilisikia mama mkwe akimuuliza Bosibori kwa nini hapa watu huziangalia ndizi badala ya kuzila.

Alhamisi, 12 Agosti.

Nafasi ya mwisho. Ndizi zimeiva hadi zimepata madoa. Nimeugeuzia ukutani upande mbaya. Ninahitaji mikono zaidi, na Bosibori, bila kuombwa, ametoa kitambaa cheupe cha kochi, akakishika pale nilipomwonyesha. Mara ule upande uliokufa ukafufuka. Nikaona tumbo la kibuyu, nikaona punje za wimbi, kila moja na kivuli chake. Bosibori pia aliona. Akaniambia nisipumue. Hata yeye hakupumua.

Nikabonyeza. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Sijawahi kuipenda meza yetu kama leo.

Ijumaa, 13 Agosti.

Makori ameitoa picha majini na kuichunguza kona hadi kona. Mwishowe akasema, "Mwambie binamu yako ana jicho. Na ana mke mvumilivu."

Niliinua mkono kuichukua niipeleke ofisini. Akasema nisijisumbue, anapeleka ya kwake, atazipeleka zote mbili. Akaigeuza. Nyuma yake tayari ameandika, kwa mwandiko mzuri, Obwocha wa Manga.

Nikasema asante, nitamfikishia.

Jumatatu, 16 Agosti.

Kamati imechagua. Chini ya kalenda itaandikwa: Picha na Obwocha wa Manga. Ya Makori imekuwa ya pili, na yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mimi nikafuata.

Mama mkwe amemuuliza Bosibori huyo Obwocha ni nani. Bosibori akamjibu amuulize mkwewe. Hawezi, kwa heshima. Mungu azibariki mila zetu.

Baadaye Bosibori akanikalisha chini. Akaniuliza ukutani nyuma ya zile ndizi kuna nini. Nikatazama. Picha ya harusi yetu. Akauliza aliipiga nani. Makori. Basi Makori amejua tangu ile picha ya ndizi zenye mapacha, na bado akafundisha. Ni vigumu kumchukia mtu wa namna hiyo, ingawa nimejaribu.

"Nenda kesho kwa katibu," Bosibori akasema. "Mwambie Obwocha ni wewe. Ni sentensi moja."

Ana haki. Nitakwenda.

Jumanne, 17 Agosti.

Nimekwenda. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni. Mzee Nyangate akanipokea kwa mikono miwili, akaagiza chai, akasema mwezi ujao wanafungua ghala jipya na kamati yote inamtaka Obwocha aje apige picha. Alikuwa na furaha kiasi kwamba nilimwonea huruma. Nikajisikia nikisema kwamba Obwocha anaumwa macho, ila ametuma mwanafunzi wake, ambaye ni mimi. Akauliza nimejifunza kwake kwa muda gani. Nikasema tangu utotoni.

Kazi ya ghala nimepewa. Bila ugomvi, bila aibu. Kichwa changu kikitulia, hufanya kazi vizuri.

Tulipoagana, Mzee Nyangate akasema ana shamba la chai Manga, na keshokutwa atapitia kwa Obwocha kumpa pole. Kwa hiyo kesho naondoka mapema, kabla Bosibori hajaniuliza lolote. Manga ni kubwa. Lazima kuna Obwocha huko, na nitamwomba kistaarabu aumwe macho kwa siku moja tu.