Bwawa Katikati ya Mahindi Yangu

Kwako Bwana Shamba,

YAH: KUOMBA BWAWA LA MDOGO WANGU LIFUKIWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi nahusika zaidi, maana mahindi yanayolizunguka bwawa hilo pande zote nne ni yangu. Ni mimi fundi cherehani, niliyekushonea suruali ya kaki ukarudi kusema inabana. Haibani, umenenepa. Lakini hayo tuyaache, leo nina shida.

Miaka minne iliyopita mimi na mdogo wangu, aliyekuwa dereva wa lori mpaka mgongo ulipomstaafisha, tuligawana shamba la marehemu baba. Kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, nilipima mwenyewe kwa utepe wangu wa kushonea. Yeye akaangukia kipande cha katikati, kibonde cha udongo wa mfinyanzi kisichootesha hata magugu. Akasema mbele ya ukoo mzima kwamba nimempunja. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo hatusemezani. Mwaka huu, badala ya kutulia na kibonde chake kwa adabu, amechimba bwawa akaweka samaki, na nasikia mshauri wake ni wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kipande chake hakina njia. Ili afike bwawani ni lazima apite mlangoni kwangu, kisha akatize mahindi yangu na ndoo ya pumba mkononi. Nani alipima akasahau kuacha njia, hiyo si mada ya barua hii. Hata fundi mzuri anaweza siku moja kushona shati akasahau pa kupitishia kichwa.

2. Vyura. Wakianza hawana kituo. Juzi nilipoteza hesabu ya vipimo kwa kelele zao, gauni la mteja likatoka na mkono mmoja mrefu. Mteja amenilaumu mimi, vyura wako kimya.

3. Mistari miwili ya mahindi inayotoka mlangoni kwangu na kupita kando ya maji imestawi kupita kiasi, mpaka imeyaaibisha mengine. Watu wananiuliza hayo marefu nimeyafanyia nini. Nimelima miaka thelathini bila kuulizwa swali lolote.

4. Hili nimelifuta. Lilihusu bata wanaochafua maji, na baada ya uchunguzi nimegundua bata ni wangu.

5. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Kila asubuhi akipita mlangoni ananipa shikamoo. Na wewe unajua, mtu akikupa shikamoo huwezi kumnyamazia, huo ni utovu wa adabu, kwa hiyo nalazimika kuitikia marahaba. Naitikia nimenuna, bila kuinua macho kwenye cherehani, lakini nimeitikia. Miezi mitano sasa, kila siku ya Mungu. Hebu niambie, kutosemezana gani huku? Nimenuna miaka minne kwa jasho langu, leo samaki wanakuja kuniharibia. Wiki iliyopita akavuka mpaka kabisa, akaniuliza hali ya goti. Sijui nani alimwambia goti linauma. Nikajikuta nimeshamjibu kwamba ni la kushoto.

6. Kwa sababu hiyo, Jumatatu niliziba mapito yake kwa matawi ya miiba, nikakaa mlangoni nikimsubiri na maneno mazito niliyoyapanga usiku kucha. Akaja. Akaitazama miiba, akatua ndoo, akageuka akarudi kwake. Hakunigombeza. Hata shikamoo hakunipa. Leo Alhamisi hajaonekana, na ndoo yake ya pumba bado iko mlangoni kwangu. Mtu anayekataa kugombana na dada yake, ambaye amejiandaa vizuri, hiyo si dharau?

Kwa hayo yote naomba uje na watu na makoleo, bwawa lifukiwe kabla ya mvua, nami nirudi kununa kwa amani kama zamani.

Nisalimie mama watoto na watoto wote, na karani wako anayekaa meza ya mlangoni. Mwambie gauni lake liko tayari, mikono nimeilinganisha.

Ni mimi katika ujenzi wa kilimo na ushonaji,

Dada mkubwa wa mwenye bwawa

N.B. Makoleo usije nayo. Barua ililala kwangu, na leo Ijumaa asubuhi miiba nimeitoa. Nimekata pia ile mistari miwili ya mahindi mazuri, nikapima njia kwa utepe uleule: upana wa toroli, na inchi mbili za mshono kila upande. Alikuwa na haki, nilimpunja, ila usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Samaki nimekuwa nikiwalisha mimi tangu Jumanne, sahani moja asubuhi na moja jioni, lakini wananitazama kama watu ambao hawajashiba. Tafadhali pita kwake umuulize kipimo ni kiasi gani. Mimi siwezi kumuuliza, si unajua hatusemezani. Au mwambie aje aniambie mwenyewe, saa yake ileile ya asubuhi. Nitaitikia, na safari hii macho nitayainua.