Asidi Imenishukia Miguuni

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya soko. Nimerudi na pilipili mbichi, nanasi na habari. Habari ndiyo nzito kuliko kapu. Klabu yetu ya wazee inaandaa mashindano ya sega, ngoma yetu ya asili, mume na mke, Jumamosi ya tarehe 29. Zawadi: tiketi mbili za ndege, kwenda kisiwa cha Rodrigues na kurudi!

Nilimpasulia Violette nikiwa bado mlangoni. Aliosha mchele, akamwaga maji, kisha akauosha tena mchele uleule uliokwisha kutakata. Mke wangu ni mzaliwa wa Rodrigues. Dada yake Sidonie yuko kule, na macho yake yanazimika. Juzi alisema kwenye simu kwamba anataka kuuona uso wa mdogo wake kabla giza halijafunga mlango. Nauli ya watu wawili si mchezo, na pensheni yetu ina miguu mifupi.

Basi nimeapa. Tutashinda. Mimi, Gervais Perrine, kondakta wa basi mstaafu, nilikuwa nikicheza sega mpaka ngoma inaomba maji ya kunywa. Wanawake wa Mahébourg bado wanasimulia. Wale walio hai.

Kikwazo kimoja kidogo. Mashavu ya miguu yangu. Tangu baridi ya Julai misuli inakaza kama kamba ya nguo, hasa nikiinama. Na sega bila kuinama ni matembezi tu.

Nimelichambua jambo hili kisomi. (Shule niliacha darasa la sita, kwa maafikiano ya pande zote mbili.) Asidi ni maji. Maji hushuka. Asidi ya tumbo langu, kwa wingi wake, imeshuka miguuni. Dawa ya asidi ninayo, vidonge vya serikali vya rangi nyekundu na nyeupe, nameza kila asubuhi miaka na miaka. Havitoshi, ni dhahiri. Kesho kutwa naenda kuomba viongezwe.

Jumatano, 5 Novemba

Fedheha! Nimepanga foleni zahanati tangu alfajiri, katikati ya mwanamke mwenye kikohozi na mzee aliyenieleza historia yote ya nyonga yake. Ndani nikamkuta daktari mpya, binti mdogo, Daktari Toorabally. Mimi nina viatu vilivyomzidi umri.

Badala ya kuongeza, akauliza kwa nini navimeza. Nikamwambia navimeza kwa sababu napewa. Akauliza nani aliyenianzishia. Ikanibidi nikumbuke: nilipolazwa kwa ajili ya goti, walinipa dawa kali za maumivu, na hivi vidonge ili kulinda tumbo. Dawa za maumivu zilikwisha mwezi uleule. Vidonge vikabaki. Daktari akasema basi ni mlinzi wa duka lililofungwa zamani, bado anakuja kila siku na rungu lake.

Nilicheka, kwa adabu. Kisha akasema anataka kuvipunguza taratibu mpaka viishe, na nitolewe damu kwanza kwa sababu ya miguu. Hapo nikaacha kucheka. Nimeielewa serikali! Inataka kubana matumizi juu ya tumbo la mstaafu. Nikasema sawa, binti yangu, nikaelekea chumba cha damu, nikakipita, nikatokea lango la nyuma.

Gervais hachezewi. Kuna madaktari wengine duniani.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimetibiwa kama gavana. Binti yetu Corinne anafanya kazi hotelini, na bima yake inatufunika sisi wazazi. Amenifanyia miadi kwa daktari wa kliniki binafsi kule Curepipe. Viti vya ngozi. Kiyoyozi juu ya baridi ya Curepipe, yaani baridi mbili. Binti wa mapokezi ananiita Monsieur Perrine.

Na nani ameketi pale na magazeti yake? Appadoo! Aliyekuwa karani wa forodha, jirani yangu, mshindani wangu katika dhumna, mipira ya chuma ya petanki na maisha kwa jumla. Yeye na mkewe Devika wamejiandikisha kwenye sega pia. Akaniuliza kwa upole kama nimepotea njia, maana zahanati ya bure iko Mahébourg. Nikamjibu nimekuja kukagua wanavyowatunza matajiri. Akanionyesha dawa yake ya tumbo, vidonge vya njano, sanduku lenye maandishi ya dhahabu. Anavitumia tangu astaafu. Akasema vya serikali ni chaki.

Daktari wangu alinipokea kwa mikono miwili. Hakuniuliza maswali ya kipolisi. Aliuliza kama ninatumia dawa yoyote. Nikasema vitamini. Hili ni jambo la hekima, wazee wote wa hapa wanalijua: wa serikali asijue unaenda kwa binafsi, atakuona tajiri na kukupunguzia, wa binafsi asijue unaenda kwa serikali, atakuona maskini na kukuharakisha. Nikataja kiungulia, akaandika. Nimetoka na sanduku la njano kama la Appadoo. Kubwa zaidi!

Asubuhi chaki, jioni dhahabu. Asidi haina pa kukimbilia.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumbo shwari kabisa. Bajia za pilipili sokoni, sahani nzima, hakuna moto.

Miguu imezidi.

Jioni tulifanya mazoezi jikoni. Alcide, jirani wa nyuma, alitupigia ngoma ya marehemu baba yangu, bapa kama ungo, ngozi halisi ya mbuzi, si hizi za plastiki. Nilianza vizuri. Kiuno kilikumbuka kila kitu. Nikashuka, nikashuka, magoti mpaka karibu na sakafu, na hapo miguu yote miwili ikafunga kama milango ya benki. Sikupanda. Alcide aliendelea kupiga kwa muda, akidhani ni mtindo. Violette alinivuta kwa makwapa, akasema taratibu kwamba alipoolewa hakuambiwa kuna sehemu ya kubeba.

Nimehitimisha kwamba asidi inapigana. Nimeongeza kidonge cha mchana.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimesalitiwa ndani ya nyumba yangu.

Violette aliamka kabla ya jogoo wa Alcide, akafungua droo, akafungua kabati la viatu (alijuaje?), akafagia masanduku yote ndani ya mfuko wa mchele, akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa ubatizo. Zahanati. Mfuko ukamwagwa juu ya meza ya Daktari Toorabally. Chaki na dhahabu, hadharani!

Daktari alitenga sanduku moja moja. Kisha akaweka la serikali na la njano bega kwa bega, akanigeuzia maandishi madogo ya chini.

"Mzee Perrine, majina ya juu ni ya wauzaji. Dawa ya ndani ni ileile. Umekuwa ukimeza kitu kimoja mara tatu kwa siku, na hata mara moja ulikuwa huihitaji."

Nikamwambia ya njano inang'aa zaidi. Akakubali kwamba inang'aa.

Akaeleza kwamba wapo wazee wanaozihitaji kweli, wenye vidonda vya tumbo, wenye kumeza dawa zinazochuna tumbo kila siku, na hao wasithubutu kuziacha. Mimi si mmoja wao. Na zikikaa mwilini miaka mingi zinaweza kukausha madini ya magnesiamu kwenye damu, na misuli isiyo na madini hayo hukaza. Akanitoa damu yeye mwenyewe, palepale, akiwa amesimama kati yangu na lango la nyuma.

Nilijitetea. Nilisema yote nimefanya kwa ajili ya tiketi. Ndipo Violette akasema, bila kupandisha sauti:

"Baba Corinne, Sidonie anahesabu siku za macho yake. Wewe unashindana na Appadoo kwa rangi ya vidonge."

Nikamsaidia kurudisha masanduku mfukoni. Nimeandika hapa kwa sababu ni nadra.

Ijumaa, 14 Novemba

Damu imejibu. Madini yako chini kabisa. Nimepewa ya kuongezea, na vidonge vya asidi ni marufuku. Daktari amesema kawaida angepunguza taratibu, lakini kwa damu hii hangoji. Ameonya kwamba tumbo litawaka kwa majuma machache, kama mtoto aliyenyang'anywa chuchu, kisha litatulia. Nile mapema, nisilale na tumbo lililojaa, na moto ukizidi kuna dawa ya maji ya kulamba kijiko. Pilipili nipunguze. Pilipili! Mtu wa Mahébourg!

Violette ameyarudisha masanduku yote zahanati. Yote anayoyajua.

Jumatano, 19 Novemba

Nawaka. Kifua ni jiko la mkaa. Jana nililala nimeketi kama mfalme aliyekufa. Kijiko cha dawa ya maji, afueni ya saa moja, kisha jiko tena. Namtakia Daktari Toorabally maisha marefu, na kiungulia kimoja tu, cha siku moja, ajue.

Lakini Gervais ana akiba. Sanduku moja la njano nililitenga mapema. Lipo mahali ambapo hakuna mke duniani angetazama: nimelibana kwa utepe ndani ya ngoma ya baba, nyuma ya ngozi, pale inapoegemea ukuta. Nasubiri tu Violette aende kanisani Jumapili.

Jumamosi, 22 Novemba

Msiba.

Nilisahau kitu kimoja, mimi niliyezaliwa chini ya ngoma hii. Ngozi ya mbuzi ikipoa hulegea. Kabla ya kuipiga lazima uipashe moto. Mazoezi ya leo tuliyafanya uani, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ngozi imelowa unyevu. Alcide akawasha majani makavu ya muwa, akaielekeza ngoma motoni, akaizungusha kwa utaalamu wake wote.

Kwanza harufu. Kisha moshi wa rangi nisiyoijua. Alcide akasema mbuzi huyu amekufa tena. Akaigeuza, na tone la njano likadondoka majivuni, na karatasi ya fedha ya vidonge imejikunja kama samaki kavu.

Violette alitazama majivu. Alinitazama mimi. Nikasema baba alikuwa na siri nyingi. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi, na mimi nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Mara ya kwanza tangu ile simu ya Sidonie.

Mchana niliinama kufunga kiatu. Nikainuka. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba nimeinuka.

Jumapili, 30 Novemba

Niandike kwa utulivu. Siwezi. TUMESHINDA!

Ukumbi wa klabu ulifurika. Devika Appadoo alivaa sketi ya maua kama bustani nzima. Violette alivaa ile nyeupe ya Rodrigues, ya mama yake. Ngoma ikapandishwa, tukaambiwa tushuke. Nikashuka. Miguu laini kama siagi! Kando yangu Appadoo naye akashuka, akinitazama, mimi nikimtazama, kila mtu akienda chini zaidi ya mwenzake, hadi uso wake ukabadilika. Naujua uso ule. Miguu yake ilikuwa imefunga milango ya benki.

Jirani ni jirani. Nikamsogelea bila kuacha mdundo, nikamshika kwapani, nikampandisha naye akicheza kwa lazima. Akaninong'oneza:

"Gervais, ukimwambia mtu, nakuua."

Nikamwambia aende zahanati ya bure akaonane na binti mmoja pale. Watu walipiga makofi, wakidhani ni mtindo.

Mwamuzi alisema tiketi ni za bibi mwenye sketi nyeupe, na kwamba mume wake hakumzuia sana. Wivu. Violette alimpigia Sidonie palepale ukumbini. Nilimsikia akisema tu, subiri, usifunge, ninakuja. Nikatoka nje kutazama magari.

Jumanne, 9 Desemba

Kesho tunaruka. Miguu imepona, tumbo limetulia, na nimelichambua jambo hili kisomi. Ni wazi kwamba asidi ilinichoka. Damu ya akina Perrine haishindwi. Daktari Toorabally alisaidia kidogo, kwa nia njema.

Appadoo amekwenda kwa daktari huyo, naye amepunguziwa. Analalamika foleni nzima, lakini amekiri kwamba pale viti vya mbao vinafaa mgongo. Sanduku lake la njano la mwisho ameamriwa alirudishe zahanati. Nikajitolea nimrudishie. Jirani ni jirani.

Sasa fikiria. Pilipili za Rodrigues ni ndogo kama ncha ya penseli na zinamtoa mtu roho. Sidonie ataandaa mchuzi wa pweza. Mwanamume anaendaje kule mikono mitupu? Si kumeza. Ni kuwa navyo tu. Kimoja, labda, asubuhi. Kingine jioni, kwa usawa.

Violette anafunga mizigo huku anaimba. Amekagua viatu vyangu, soksi zangu, mfuko wa kunyolea, hata kitabu cha sala. Hakupata kitu. Nimelibana sanduku mahali salama ambapo keshapaona na hatarudia, ndani ya ngoma ya baba.

Anasema tunaibeba. Anasema tukifika tu kwa Sidonie, kabla hata ya chai, kitu cha kwanza ni kuipasha moto. Sijui anachekea nini.