Bendera ya Mama Maria na Mguu Wangu wa Kulia

Jumatano, 9 Oktoba

Imekwisha! Uzi wa mwisho nimeukata kwa meno, nikapiga ishara ya msalaba, nikakaa chini kuitazama. Bendera ya chama cha akina mama wa parokia. Buluu ya mbinguni, Mama Maria katikati, pindo la dhahabu chini. Macho yake yalinitesa. Mara ya kwanza jicho moja lilikuwa linachungulia pembeni, kama la mtu anayesikiliza ya jirani. Nikafumua, nikarudia. Sasa anatazama mbele, mpole, ananijua.

Jumamosi tunakwenda hija kwenye pango lake kule mlimani, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Bendera itatangulia. Lakini itashikwa na nani? Mtu mwenye akili timamu angejibu: fundi aliyeishona. Ila parokia yetu ina Mama Maua.

Mama Maua ndiye anayepanga maua altareni, jina likamganda. Mrefu kama nguzo ya umeme. Leo kaja kibandani kwangu, akaizunguka bendera, akalipapasa pindo, akaapa kwamba kanisani hatukuwahi kuwa na kitu kama hiki. Nikayeyuka. Kisha akasema tatizo ni mti wake wa kubebea, mrefu, utataka mtu mwenye kimo. Akanitazama toka juu hadi chini. Macho yake hayakuwa na safari ndefu.

Nimemwuliza Katekista. Anasema Paroko atamteua mbebaji huko huko, tukishuka kwenye basi.

Kumbe! Basi kuna njia nzima ya kumlainisha. Atakayekaa ubavuni mwa Paroko ndiye atakayeshika bendera. Mungu anisamehe kwa kuwa na akili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kikwazo. Viti vya mbele, kwa Paroko, ni vya wagonjwa tu. Na mimi sina hata mafua.

Nimetafakari nikipiga pasi suruali ya mwalimu mkuu. Goti langu la kulia liliwahi kuuma, mwaka ule nilipoteleza bafuni, na sikumwambia mtu. Kwa hiyo nikichechemea sasa si uongo. Ni ukweli uliochelewa.

Nimefanya mazoezi ukumbini. Kazi ngumu kuliko kushona kola! Nikienda nachechemea kulia, nikirudi nachechemea kushoto. Mume wangu kainua macho kwenye redio, akauliza huo ni mchezo gani na utakwisha lini ili aletewe chai.

Nikapata dawa. Kifungo cha koti, kigumu, nimekitia ndani ya kiatu cha kulia. Kila nikikanyaga kinaniuma, kinanikumbusha mguu ni upi. Ufundi ni ufundi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mgonjwa bila fimbo nani atamwamini? Fimbo ipo nyumbani: ya mama mkwe, nyeusi, kichwa chake kimechongwa ndege. Haitumii kutembelea tu. Anaonyeshea vumbi nililolisahau, anagongea mlango wetu tukichelewa kuamka. Nikamwambia, Mama, niazime nikaichovye kwenye maji ya baraka kule pangoni, ikurudie na neema.

Akauliza kwa nini nisimpeleke yeye mwenyewe akachovywe pamoja nayo. Nikasema mlima mkali. Akasema ameishi na mimi miaka yote hii, mlima utamfanya nini. Lakini ameitoa. Amembusu yule ndege kama anampeleka mtoto shule ya bweni. Moyo ulinichoma kidogo. Ukaacha.

Jioni nikaingia kwenye rozari nikichechemea. Pole, pole, pole kila benchi! Sijawahi kupendwa hivi. Katekista kanipa kiti cha mbele kabla sijaomba. Mama Maua kalia machozi ya kweli, akaahidi kuuombea mguu wangu usiku kucha. Nikamwambia asijisumbue. Kwa dhati kabisa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimerudi. Nitaandika kabla hasira haijapoa.

Asubuhi mambo yalikwenda kama yamepakwa mafuta. Nimekaa, Paroko kakaa ubavuni. Nimeanza kwa mbali: hali ya hewa, bei ya uzi wa dhahabu, jicho lililofumuliwa. Akasema vizuri sana mama, akafumba macho, nikadhani anasali. Alikuwa amelala! Kalala njia nzima, kichwa begani kwangu, na mimi namweleza bendera mtu anayekoroma. Nyuma yetu kiongozi wa hija, mwanamume mwenye upara na kipaza sauti, hakunyamaza hata kwenye kona. Kushoto mnaona mlima, ndugu mahujaji. Kulia hamwoni mlima. Sisi tulimbandika jina la Kipaza kabla ya kufika njia panda.

Tukashuka. Paroko kaamka mchangamfu kabisa, akatazama huku na huku, akatoa maagizo. La kwanza: huyu mama mwenye mguu asikanyage mlima, atafutiwe kiti cha magurudumu. La pili: bendera ashike Mama Maua, maana ana kimo na miguu mizima.

Miguu mizima! Nilifungua mdomo niseme na mimi ninayo. Nikaufunga.

Basi nikasukumwa na Katekista Njia ya Msalaba yote, fimbo mapajani, gurudumu moja linalia kama paka. Mbele yetu Mama Maua na bendera YANGU, kaishika upande upande kama mtu anayefagia utando wa buibui. Kila kituo akigeuka, pindo langu la dhahabu linanipiga usoni.

Pangoni kuna desturi: kila mtu huvua viatu, awe padre awe nani. Katekista kapiga magoti akanivua vyangu mwenyewe, masikini, kwa unyenyekevu. Kifungo kikabaki humo ndani. Sikukifikiria.

Mama Maua kapanda ngazi, akataka kupiga magoti, mikono imejaa. Unajua alichofanya? Kaiegemeza bendera kwenye kinara cha mishumaa! Mishumaa yote inawaka! Upepo ukavuma, nikaona pindo linainuka, linayumba, linaelekea motoni.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mawe ya baridi chini ya nyayo, na ngazi zikipita, na mti wa bendera ukifika mikononi mwangu. Niliivuta kifuani. Haikuungua hata uzi mmoja. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na mahujaji wote walikuwa chini yangu wananitazama, na kwa kitambo kidogo nilikuwa nimeishika.

Kisha Kipaza akapuliza kwenye kile chombo chake: MUUJIZA!

Hapo ndipo nilipokumbuka mguu. Nikataka kuchechemea upesi, lakini bila kifungo, nife leo, sikujua ni upi.

Vigelegele! Mama Maua kaniangukia shingoni, analia, anawaeleza watu kwamba kila kituo alikuwa ananigusa na pindo makusudi, na pale kwenye kituo cha mwisho alisikia joto linatembea mkononi. Wakaanza kuubusu mkono wake. Mkono wake! Bendera wakaichukua wakamrudishia, eti ndiyo iliyoniponya, isiwe mbali naye.  Paroko kaitazama miguu yangu, akasema Mungu ni mwema, na Kanisa halina haraka.

Lakini Kipaza anayo. Anasema hapo anayeinuka huacha fimbo yake kwenye waya kando ya pango, iwe ushuhuda. Nikasema ile nina mapenzi nayo. Akasema mapenzi hayo ndiyo sadaka. Akaweka ngazi, akapanda, akaitundika juu kabisa. Nilipogeuka mara ya mwisho yule ndege alikuwa ananitazama.

Kurudi, kiti cha mbele wamempa mwenye presha. Aliyepona hahitaji, wamesema. Nimekaa nyuma kabisa juu ya tairi, nimekumbatia madumu ya maji ya baraka.

Mama mkwe kauliza fimbo hata viatu sijavua. Nimemwambia inakauka.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku ya aibu. Nimeivalia gauni jipya.

Habari ilishatangulia. Baada ya Komunyo Katekista kaniita mbele nitoe ushuhuda. Nilianza vizuri sana. Nilisema sisi ni vyombo tu. Nilisema hata pindo, likishonwa kwa imani na fundi mwenye imani, laweza kupitisha neema. Nilikuwa naelekea kwa yule fundi ni nani.

Mara mlangoni: tok. Tok. Tok.

Mama mkwe! Mkono mmoja kwa mume wangu, mkono mwingine kwenye mpini wa ufagio. Majirani walimpelekea pongezi za mkamwana aliyepona. Kafika katikati ya kanisa, akasimama, akasema kwa sauti ile ya kuita kuku kwamba yeye anavyojua, nyumba yetu ina mguu mmoja tu mgonjwa, na ni wake. Halafu akaniuliza mimi, kwa upole, kama fimbo imeshakauka.

Katekista akauliza fimbo ya nani. Akajibu, ya ndege, baba, ya marehemu mume wangu, ameichukua Ijumaa.

Wanakwaya walianza kucheka, kisha kanisa zima. Mama Maua alikaa polepole, akautazama mkono wake kama mtu aliyeuziwa saa mbovu. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Paroko hakucheka. Ulikuwa wakati wa maandamano kuzunguka kanisa. Alimwona Mama anatetemeka juu ya mpini wa ufagio, akaenda kwa Mama Maua, akaichukua bendera mkononi mwake, akampa Mama. Egemea hii, mama, akamwambia, mpaka tukurudishie ya kwako.

Na akaegemea! Mfupi kuliko mimi! Katangulia parokia nzima, tok, tok, mti wa bendera unagonga lami, Mama Maria juu anatazama mbele. Mama Maua na mimi nyuma, bega kwa bega. Tulipofika mlangoni Mama hakuingia. Kapita, kaanza mzunguko wa pili. Nani wa kumzuia?

Kitubio nimefanya sakristia. Ya humo ni yangu na Mungu. Malipizi nayaandika: nimwombe radhi Mama Maua, na nipande mlima kwa miguu yangu nikailete fimbo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekwenda na mahujaji wa parokia nyingine. Kipaza yule yule. Kushoto mnaona mlima. Nimepanda wote, jua la utosi, malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Ya kweli, na hakuna aliyesema pole.

Pangoni nimemkuta Kipaza anawaeleza watu habari ya fimbo ya ndege. Mama mmoja aliyepooza tangu utotoni, ndugu mahujaji, alipaa ngazi bila kuzigusa! Wanapiga picha. Nikamnong'oneza mimi ndiye. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema hapana, yule alikuwa mrefu.

Mrefu! Hata muujiza wangu wamempa Mama Maua!

Ilibidi Paroko apigiwe simu. Kipaza kaishusha fimbo kama anashusha mtu msalabani.

Nimefika nyumbani nikimwita Mama toka getini. Nimepiga magoti, nimempa kwa mikono miwili. Kaipokea, kambusu ndege, kaiegemeza nyuma ya mlango. Anasema atakuwa anaitumia humu ndani, kunionyeshea vumbi. Kanisani hataihitaji. Paroko amemwomba atangulize bendera Oktoba yote, na amesema ndiyo, kwa kuwa mti ule unambeba vizuri kuliko fimbo yoyote, na kuliko watu fulani.

Nimekaa jikoni peke yangu, nimelia kidogo. Kisha nimecheka. Mtu anavuna alichoshona. Nimeapa mbele ya sufuria: hila basi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimetulia kabisa. Nimetembea nyuma ya bendera kama mwanakondoo, sina wivu, sina neno. Mama Maua ubavuni, tumeshapatana, kanishika mkono. Akaniambia tumwombee, maana tangu juzi kiuno kinamkamata, hata kusimama wima hawezi, anatamani angepata kitu cha kuegemea.

Nimemtazama. Kainama kweli. Jicho moja kwa Paroko.

Ah, mwizi! Ameiona njia! Bendera sasa hupewa asiyeweza kutembea, na Oktoba ikiisha Mama anapumzika.

Nimefika nyumbani mbio, nimemwaga kopo la vifungo juu ya meza ya cherehani. Kile cha koti kilikuwa kidogo, ndiyo kosa lote. Nimepata kingine cha joho la zamani, cha shaba, kina meno pembeni. Tayari kimo kiatuni. Cha kulia.

Na safari hii sivui viatu.