Kolesteroli Nzuri ya Shemeji Stratos

Jumatano, 9 Aprili
Mke wangu Garifalia ametoa amri. Damu yangu ikionekana chafu, Pasaka hii sigeuzi mwanakondoo motoni. Atageuza kaka yake, Stratos! Miaka ishirini na miwili nimegeuza mimi, na mgeuzaji ndiye anayedokoa ngozi iliyokauka. Krete nzima inajua hilo. Mimi nitapewa mboga chungu za kuchemsha. Mimi!

Alhamisi, 10 Aprili
Kwa Daktari Evanthia. Akanieleza kama mtoto. Kolesteroli mbaya huchacha, kama mafuta ya zeituni yaliyoachwa wazi karibu na jiko, na ikichacha ndipo inapoumiza mishipa. Kolesteroli nzuri huilinda isichache. Nikamwambia basi mbaya ninayo nyingi makusudi, ili nzuri isikose kazi. Hakucheka. Kutoa damu Jumamosi.

Nikarudi nyumbani, nikanywa glasi nzima ya mafuta ya zeituni. Garifalia akanikuta. Kwaresima, siku ya kazi, hata mafuta mwiko! Sasa nina dhambi juu ya kolesteroli.

Jumamosi, 12 Aprili
Akili hizi! Stratos hupanda milima na mbuzi wake kila siku, mwembamba kama ufito. Nesi ni mgeni kutoka mjini, hatujui sura. Nimempa Stratos kadi yangu ya zahanati akatoe damu badala yangu. Malipo: figo mbili za mwanakondoo. Akalalamika sindano ilikuwa nene. Nikamwongezea kichwa.

Alhamisi, 17 Aprili
Majibu. Garifalia kanisindikiza, vidole vyekundu kwa rangi ya mayai ya Pasaka. Daktari anashangaa. Kolesteroli nzuri ninayo tele, ila imelala! Kipimo kipya cha maabara ya mjini kinaonyesha mbaya inachacha na nzuri inatazama tu. Sigara, anasema, huiharibu hata hiyo nzuri. Nikaapa sijavuta tangu jeshini. Garifalia akang'aka, "Muongo we! Unavutia wapi, chooni?"

Stratos anamaliza pakiti mbili kwa siku. Nikilisema hilo, hila yangu inafichuka.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka
Kristo amefufuka. Mimi bado. Stratos anageuza, sigara mdomoni, anadokoa ngozi yangu. Garifalia akanisukumia mboga, akasema nimtazame kaka yake, damu safi kama chemchemi. Uvumilivu ukaniisha. Nikapayuka mbele ya ukoo mzima: damu mbovu ni ya Stratos!

Stratos akaapa kwa watakatifu wote kwamba namzushia. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, imelala kabisa?" Nilimhurumia, kidogo. Garifalia akamnyang'anya sigara, akageuza mwanakondoo mwenyewe. Sisi wawili, mboga chungu.

Jumanne, 22 Aprili
Stratos ameacha sigara na analia ovyo. Mimi napimwa upya keshokutwa, damu yangu halisi, Garifalia akilinda mlango wa zahanati. Hakuna shida. Nimeshaelewana na mzee Zacharias, mfuga nyuki, miaka themanini na tisa, hajawahi kushika sigara. Ataingilia dirisha la nyuma.