Ibara ya 21 Iishie Langoni pa Zizi Langu

Usangu, Mbeya.

Kwa Umoja wa Mataifa,
kupitia kwa Wakili Eveline Kalinga, mwendesha semina, Iringa.

Ndugu Mataifa,

Natumaini hamjambo nyote kwa wingi wenu. Mimi na ng'ombe wangu tu wazima, isipokuwa ibara ya 21 ya Tamko lenu la Haki za Binadamu imenivurugia nyumba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu mkubwa, Yunisi, alikwenda semina Mbalizi akarudi na kitabu chenu. Nilipotangaza kwamba tunahamia Lindi na mifugo, akasema ibara hiyo inataka ridhaa ya watu. Kwangu ridhaa huwa naitoa mimi. Ikapigwa kura ya siri chunguni, jikoni: punje ya mahindi ni kuhama, haragwe ni kubaki. Chungu kilipomiminwa ikatoka punje moja tu ya mahindi. Mama yangu mzazi, niliyemtegemea, naye alikuwa humo kwenye maharagwe.

2. Mnasema kura ni siri. Siri gani, ikiwa punje ni moja na kila mtu anajua ni ya nani? Hata mbwa alinitazama kwa huruma.

3. Mnasema kura zote ni sawa. Yaani mimi mwenye zizi nilingane na Leokadia, mke mdogo, mwenye kuku wawili. Nikaomba ng'ombe nao wahesabiwe, niwapigie mimi kwa niaba, maana ndio watakaotembea. Yunisi akasema wajieleze wenyewe: kila mmoja wetu aite, tuone wanamfuata nani. Jambo hilo sipendi kulieleza zaidi. Yeye ndiye anayewakamua.

4. Mnadai uchaguzi uwe wa mara kwa mara. Sasa wananiuliza kiti cha baba wa nyumba kinaisha muda lini.

Kwa hiyo naomba ibara hiyo ifutwe, au mwandike chini yake kwamba inaishia langoni pa zizi.

Wasalimieni mataifa yote, makubwa na madogo, hata yale yasiyosalimiana.

Wenu niliyeshindwa kwa haki,
Makoye Ndalahwa

N.B. Msiifute kabla ya uchaguzi wa kitongoji. Wapo wanaosema sisi wafugaji tuliotoka kaskazini ni wageni, tusipige kura, ilhali wanangu wote wamezaliwa hapa na baba yangu amezikwa hapa. Iliniuma sana. Nikaenda mkutanoni na kitabu cha Yunisi, nikawasomea palipoandikwa "kila mtu". Wakauliza ni nani aliyetupa haki hiyo. Nikawajibu, "Hatukupewa na mtu, tumezaliwa nayo." Bahati mbaya Yunisi alikuwa nyuma yangu, akasikia.