Lenzi Ndefu Kwenye Mnada wa Mavuno

Rodrick alikuwa keshaondoka. Olmotonyi ilibaki mgongoni, pikipiki inateremka yenyewe kuelekea barabara ya Nairobi, na mwenyewe anaimba pambio ambalo ubeti wake wa pili hakuujua. Kifuani alikuwa na laki nane za Mzee Sifaeli. Begani, mkoba mweusi. Kwenye daraja dogo alisimama, akachomoa laini ya simu, akaitupa mtoni. Fundi mzuri hufagia akimaliza kazi.

Kazi yenyewe ilianzia Levolosi, kwenye studio moja ya kusafisha picha. Rodrick alikuwa amekaa benchini anasubiri mtu wa kumdanganya, maana hata uongo unataka uvumilivu. Akaingia mzee mmoja mstaafu, kofia ya sufu kichwani, na shingoni kamera ya mirolesi, hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, ndogo, unaona picha kabla hujaipiga. Binti yake alimtumia kutoka ng'ambo.

"Huyu ni hondohondo," mzee alimwambia mwenye studio.

"Mimi naona jani."

"Ndiyo. Yuko nyuma ya jani." Mzee akashusha pumzi. "Lenzi iliyokuja nayo ni fupi. Ndege akikaa mti wa pili tu, anakuwa nzi."

Rodrick alisimama kwa heshima. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Samahani, mimi hivi vitu sivijui. Kuna mgeni alishindwa kumlipa kaka yangu hela ya kumpandisha mlima, akamwachia bomba kama hilo lako, ila refu. Linaitwaje?" Akamwonyesha picha kwenye simu.

Lilikuwa bomba la milioni tatu na ushee. Mzee Sifaeli alikuwa mtu wa maombi, jina zuri usharikani, lakini macho yalimtoka. Kisha akayarudisha.

"Hili limechakaa," alisema kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma yatima. "Lakini naweza kukusaidia. Laki tano."

"Kaka alisema laki tisa. Ila yule ana tamaa."

"Tamaa ni mbaya sana, mwanangu. Laki nane."

Wakapeana mikono, kila mmoja akimsikitikia mwenzake.

Tatizo la Rodrick ni kwamba ile lenzi haikuwa yake. Ilikuwa ya Nancy, dada wa Kilimanjaro anayekodisha kamera kwa wapiga picha za harusi. Nancy hakuwa mtu wa kubembelezwa. Hata mchumba wake, watu walisema, alimwachia kitambulisho. Kwa Rodrick alichukua kadi ya pikipiki, na wakaandikishana: lenzi isiporudi Jumapili jioni, pikipiki ni ya Nancy. Na Rodrick bila pikipiki ni mtu wa kawaida tu anayekimbizwa.

Ndiyo maana alikuwa na lenzi ya pili, aina ileile, iliyoanguka kwenye jukwaa la harusi ikafa. Aliinunua kama chuma chakavu, akaiziba kwa gundi, akaichubua mchubuko uleule wa ile ya Nancy, pahala palepale. Akatafuta na mikoba miwili ya kufanana. Kazi ya mikono, tusimnyime haki yake.

Jumamosi akapanda Olmotonyi kwa mzee. Waliijaribu lenzi nzima migombani. Hondohondo alikuwa juu ya mti wa mruku. Mzee Sifaeli aliweka jicho, akabonyeza nusu, picha ikajikaza yenyewe, na mzee akapiga kelele:

"Kope! Ndege ana kope!"

Alipoingia chumbani kufuata hela, mkoba wa lenzi mfu ukapanda mezani na wa lenzi nzima ukashuka chini ya kiti.

"Ila mzee, usiifungue leo," Rodrick alionya. "Imetoka kwenye baridi. Ikae mkobani mpaka kesho, isije ikafanya ukungu ndani." Ushauri huo ni wa kweli kabisa. Uongo wa Rodrick daima ulikuwa na robo ya ukweli, kama maziwa ya mjini.

Mama Kaanaeli, mke wa mzee, alileta chai. Kisha mzee akamwombea msafiri. Aliomba kwa ajili ya barabara, matairi, na serikali. Rodrick akafumba macho kwa adabu ya kikazi. Baada ya amina alivaa mkoba wake, akaaga, akaondoka.

Huko ndiko tulikomkuta, daraja dogo, laini mtoni.

Chumbani kwake Sakina alifungua mkoba. Ndani kulikuwa na maparachichi manne na mayai ya kuchemsha.

Jumapili asubuhi alipanda tena, mlangoni akakuta kufuli. Mtaa mzima ulikuwa kanisani. Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Alifika ibada imekwisha na watu wamejaa uani kwa ajili ya mnada wa sadaka. Mama Kaanaeli alimwona wa kwanza.

"Mwanangu! Tumekupigia mpaka tumechoka. Hupatikani!"

"Laini iliharibika, mama. Samahani, mkobani mwangu kulikuwa na..."

"Nilitoa lenzi nikakuwekea maparachichi, wakati wa maombi. Mifuko ya plastiki si imepigwa marufuku? Na mgeni haondoki mikono mitupu. Nilijua mzee amenunua zote mbili. Kumbe moja umesahau!"

"Iko wapi, mama?"

"Mali ya mtu asiyepatikana haikai kwangu. Nimemwambia mzee aitoe mavuno." Akanyoosha kidole. Mezani, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, lenzi imesimama na vifuniko vyake, mchubuko pahala pake.

Rodrick alimfuata mzee wa kanisa aliyeshika kipaza sauti, Mzee Lesian. "Baba, shikamoo. Kile ni changu."

"Marahaba. Kilikuwa chako. Kikishabarikiwa ni cha Bwana." Mzee Lesian akamtazama kwa upole. "Lakini Bwana anauza."

Mnada ukaanza. Elfu ishirini, akasema mtu asiyejua ni kitu gani. Laki moja, akasema Rodrick. Laki na nusu, ikatoka sauti benchi la nyuma, na Rodrick alipogeuka, alikuwa Mzee Sifaeli, mikono juu ya fimbo, uso kama wa mtu anayesikiliza zaburi. Wakapandishana.

"Naomba niikague kwanza," Rodrick alisema walipofika laki nne.

"Sadaka haifunuliwi meno kama ng'ombe," alisema Mzee Lesian, na ua mzima ukacheka.

Rodrick akaipata kwa laki tano. Alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Mgeni wetu anaondoka nayo," kipaza sauti kikauliza, "au anamrudishia Bwana?"

Hapo lazima ieleweke: kule, mtu akinunua yai la sadaka, mara nyingi hulirudisha mezani liuzwe tena. Yai moja limewahi kununua nusu mfuko wa saruji.

"Naondoka na..."

Vigelegele vilishaanza. Mama Kaanaeli alimkumbatia machozi yakimtoka. "Kijana wa watu! Mungu akuzidishie!" Lenzi ikarudi kando ya jogoo.

Mara ya pili aliinunua kwa laki nne: laki tatu zilizobaki za mzee na moja ya kodi ya chumba cha Sakina. Aliikumbatia kwa mikono yote miwili ili isirudishwe tena, akatoka nayo nyuma ya kanisa, akavua vifuniko, akaweka jicho.

Gundi.

"Simama hapohapo, mwanangu," ilisema sauti ya Mzee Sifaeli. "Nikupige picha na sadaka yako."

Mzee alikuwa na kamera mkononi na anarudi kinyumenyume. Akapita tangi la maji. Akapita kibanda cha mlinzi. Akaingia kwenye kahawa, bado anarudi, kwa sababu lenzi ndefu haimpigi mtu wa karibu. Ndipo Rodrick akaiona iliyofungwa mbele ya kamera.

"Mzee! Hiyo..."

"Hii? Si uliniuzia?" mzee alipaza sauti kutoka kwenye mibuni. "Zililala mkobani kama ulivyoagiza. Asubuhi nikazijaribu zote. Moja ikaona ndege. Moja ikaona usiku. Haya, cheka kidogo."

Watu walikuwa wengi. Rodrick alicheka kidogo.

Picha ilitoka safi, kope zote zinahesabika, na imetundikwa ofisi ya usharika. Nancy aliichukua pikipiki jioni ileile, akaiuza, akanunua lenzi nyingine. Siku hizi anadai dhamana mbili. Kwa hela za mnada kanisa lilimaliza mifereji ya bati. Mzee Sifaeli alijisahau siku moja mezani, akamsimulia mkewe alivyompa Mungu lenzi mfu. Mavuno yaliyofuata Mama Kaanaeli aliibeba ile nzima mwenyewe, imefungwa kwenye kanga, akaiweka mezani. Mzee aliinunua laki sita. Mzee Lesian alipouliza kama anairudisha, aliyejibu "ndiyo" ni mama. Mzee akainunua tena. Rodrick yuko Moshi, anatembea kwa miguu. Ana lenzi moja ndefu, haina tatizo kwa kuitazama, na anasema kuna mgeni alimwachia kaka yake.